Bi Mfamasia Ajibu: Hiyo Tembe ya Usingizi Umeipa Masaa Mangapi?

Mwezi huu mmeniandikia kuhusu usingizi mpaka nikashangaa, kwani Mombasa nzima inakesha? Joto, madeni, shifti za bandarini, watoto, kila mtu na lake. Nimechukua barua ambazo naona zinagusa wengi, majina nimeyaficha kama kawaida. Na wale mnaonitumia picha ya tembe moja iko kwenye kiganja mkiniuliza "hii ni ya nini", jamani siwezi kuijua dawa kwa rangi, nyeupe za mviringo ziko mamia.

Nimeamka nikakuta wali umeungua na sikumbuki kupika

*Assalam aleikum Bi Mfamasia. Nakaa Kisauni, nina watoto watatu. Tangu mume wangu afariki nilikuwa silali kabisa, daktari akaniandikia zolpidemu ya miligramu 10, moja usiku. Huwa nameza saa mbili nikishamaliza kula, halafu nakaa na watoto tunaangalia TV nikingoja usingizi uje, ukichelewa naongeza nusu. Sasa juzi nimeamka asubuhi nakuta sufuria iko juu ya meko, wali umeungua chini mpaka umekuwa mweusi, na mimi sikumbuki hata kuosha mchele. Binti yangu anasema usiku niliongea naye vizuri tu. Jirani anasema nisomewe, hayo ni mambo ya majini. Nimeogopa. Ni dawa ama ni nini?*

Wa aleikum salaam mamangu, na pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kusomewa usomewe kama moyo wako wataka, kisomo hakigombani na hospitali, lakini leo usiku hiyo zolpidemu usiimeze tena, na kesho asubuhi rudi kwa daktari aliyekuandikia umwambie hilo la sufuria vile vile ulivyoniambia mimi, usilipunguze kwa aibu.

Hili linajulikana. Mtu anaamka nusu, mwili unatembea, mdomo unajibu, mikono inawasha gesi, na kichwani hakubaki kitu. Wako waliopika, wako waliokula kila kilichobaki jikoni, wako waliopiga simu, na wako walioshika usukani wakaendesha gari wamelala. Mwaka 2019 FDA, ile mamlaka ya dawa ya Marekani, iliamrisha onyo lake kali kuliko yote liwekwe kwenye zolpidemu na wenzake wawili, eszopikloni na zaleploni, maana kuna watu waliumia na wengine wakafa, na ikaonekana inaweza kutokea hata kwa dozi ndogo, hata kwa tembe ya kwanza kabisa. Ndo maana hapa hakuna kujaribu jaribu. Likishakupata mara moja, dawa hiyo kwako basi, si kupunguza nusu, si kuonja tena wiki ijayo uone. Wewe una meko ndani ya nyumba na watoto watatu wamelala.

Sasa tuje kwa namna ulivyokuwa ukimeza, ju najua wako wengi wanaosoma hapa wanafanya hivyo hivyo. Tumbo likiwa limejaa, zolpidemu inachelewa kuingia, wewe unadhani haijafanya kazi unaongeza nusu, halafu zote mbili zinakufika kwa pamoja. Hiyo nusu ya kuongeza usiku hakuna daktari aliyekuandikia, uliiandika mwenyewe. Na kwa wenzako ambao bado wanaimeza, hii si dawa ya kumeza ukaenda kukaa sebuleni. Milango ushafunga, gesi ushazima, ushasali, watoto wamelala, uko kitandani, hapo ndo unameza na maji na unazima taa, na mbele yako kuwe na masaa 7 au 8 ya kulala. Kama huna hayo masaa usiku huo usimeze.

Lingine la kumuuliza daktari ni hiyo 10. Mwaka 2013 FDA hao hao walishusha dozi ya kuanzia ya wanawake kutoka miligramu 10 mpaka 5, kwa sababu mwili wa mwanamke unaitoa zolpidemu polepole zaidi, na asubuhi wengine walikutwa bado imo damuni kiasi cha kuharibu uendeshaji wa gari na wao wenyewe wanajiona wako macho kabisa. Sisemi daktari wako amekosea, simjui na sijui aliona nini, lakini una haki ya kuuliza.

Na usingizi wa msiba mamangu hautibiki na tembe peke yake. Dawa hizi zimekusudiwa wiki chache tu, mbili mpaka nne hivi, kukuvusha. Madaktari wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 wakasema kitu cha kwanza kwa mtu mzima asiyelala muda mrefu ni matibabu ya mazungumzo na kubadilisha mazoea ya kulala, dawa ije baadaye kama haitoshi. Sehemu yake moja unaweza kuanza leo bure: amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, mchana usijilaze, na usiku ukiona umejigeuza geuza muda wa kama dakika 20 toka kitandani, kaa mahali pengine kwa taa ndogo, rudi usingizi ukikushika. Wiki ya kwanza utanilaani. Ukitaka mtu wa kuongea naye, Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili na si lazima mtu awe ameokota makopo ndo aende.

Valium mbili hazishiki tena

*Mambo Bi Mfamasia, mi nafanya shifti Kilindini, wiki mchana wiki usiku. Wiki ya usiku nakula muguka ndo macho yakae wazi, nikirudi Changamwe asubuhi usingizi hauji so nameza Valium mbili, nanunua kemisti ya mtaani bila karatasi ju jamaa ananijua. Jioni napiga bodaboda kidogo kabla kuingia kazi. Siku hizi mbili hazishiki, nishafika tatu, na siku za ofu nikikosa natetemeka mikono. Beshte yangu anasema hizo ndo bugizi zenyewe nitakuwa teja. Ni kweli ama ananitisha tu?*

Poa mwanangu. Beshte yako ana nusu ya ukweli. Bugizi inayosemwa mtaani ni Rohypnol, na Valium ni diazepamu, ni dawa mbili tofauti lakini kundi ni moja, benzodiazepini, na kundi hilo lote mwili unalizoea. Hiyo kutoka mbili kwenda tatu ndo kuzoea kwenyewe, na mikono kutetemeka siku ukikosa ndo mwili ushaanza kudai. Sasa sikiza vizuri hapa: usiziache zote leo kwa hasira. Mtu aliyezoea benzodiazepini akizikata ghafla anaweza kupata degedege, na inaweza kumuua. Inashushwa kidogo kidogo na mtu anayekuangalia, kwa hivyo tafuta daktari wiki hii, siku ya ofu, na umwambie namba ya kweli ya tembe, muguka usimfiche. Ukiona aibu anza kwa simu, laini ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na madawa, ni 1192 na ni bure.

Kuhusu boda. Diazepamu haitoki mwilini ukiamka. Baada ya siku nzima na hata mbili nusu yake bado imo, na ini linaigeuza kuwa kitu kingine ambacho nacho kinalaza na kinakaa zaidi ya hapo. Sasa wewe unameza kila asubuhi ya wiki nzima, ya Jumatatu haijaisha ya Jumanne imeingia, kufika Ijumaa jioni uko pale Mikindani na abiria nyuma, trela linakuja, na wewe unahisi uko sawa ila mkono unachelewa breki. Boda weka chini mpaka hili liishe. Na kama kazi yako ndani ya bandari ni ya kuendesha mashine, daktari ajue, hilo si la kunyamazia.

Muguka sitakuhubiria, mwaka 2024 gavana alipiga marufuku isiingie Mombasa korti ikasimamisha, mabishano hayo nawaachia wenyewe. Mi nakwambia la dawa tu: ndani yake kuna kathinoni inayokuweka macho, na ukitafuna mpaka dakika ya mwisho ya shifti hata ungefika kitandani saa mbili asubuhi bado inafanya kazi. Ndo unaongeza Valium, ndo ukiamka umelewa unaongeza muguka. Kama huwezi kuacha sai, basi ya mwisho iwe mapema usiku, si alfajiri. Ukitoka kazini vaa miwani myeusi, jua la asubuhi linaamsha kuliko kahawa, na dirisha liwekee leso mbili au blanketi chumba kiwe giza la kweli.

Kitu kimoja nisichotaka usome haraka. Usichanganye hizo na mnazi, na bia, na tramadoli, hiyo tembe ambayo wabeba mizigo wanapeana kwa maumivu ya mgongo. Kila moja peke yake inapunguza pumzi kidogo, zikikutana mtu analala na pumzi inasimama, na hakuna kelele wala kupigania, wenzako wanadhani umechoka. Mtu aliye kwenye methadoni, ile dawa ya kuachia heroini, vile vile, asiguse dawa ya usingizi bila kliniki yake kujua.

Na huyo jamaa wa kemisti anayekujua, hakupendi. Diazepamu ni ya karatasi ya daktari kwa sheria, anakuuzia ju unarudi.

Mama ana miaka 76, kaka anataka zitupwe zote

*Salaam Bi Mfamasia. Mama yangu yuko nasi Mji wa Kale. Alianzishiwa diazepamu zamani baba alipokuwa mgonjwa na hakuacha tena, moja kila usiku. Siku hizi amekuwa msahaulifu, anauliza kitu kile kile, na ameanguka mara mbili akienda msalani usiku. Kaka amerudi kutoka Saudia, amekasirika, anasema hizo dawa zitupwe leo leo. Mama analia, anasema bila hizo hatalala mpaka afe. Tumsikilize nani?*

Mzuieni kaka asitupe, kisha muambieni hasira yake ina haki. Mtu mzima wa miaka hiyo mwili unaitoa diazepamu polepole mno, kwa hivyo tembe moja ya usiku inamfuata mpaka mchana wa pili, na huo usahaulifu na huko kuanguka inawezekana kabisa zinatoka humo. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kina orodha yake ya dawa za kuepusha kwa waliopita miaka 65, na benzodiazepini zimo, na zile za kundi la zolpidemu zimo pia. Nyonga ikivunjika kwa umri huo ni safari ndefu, na ngazi za nyumba za Mji wa Kale mnazijua wenyewe.

Lakini amemeza miaka. Mkimkatia leo atakesha, atatetemeka, atachanganyikiwa, na ile degedege niliyomwambia kijana wa Kilindini yeye atakuwa nayo karibu zaidi. Daktari atampangia ashuke, mara nyingi ni kupunguza kipande kidogo, kukaa hapo wiki mbili au zaidi, kisha kipande kingine, inaweza kuchukua miezi na haina aibu. Kila akishuka usiku wa kwanza na wa pili atalala vibaya, na hapo ndo atawaambia "mmeona?" Muambieni mapema kwamba huo usingizi mbaya ni wa kupita, mwili unazoea upya, si ushahidi kwamba hawezi kuishi bila tembe. Muelezeni kwa upole, hakuiba dawa, aliandikiwa.

Siku ya kwenda kwa daktari msiende na maneno, nendeni na mfuko. Tieni ndani kila anachomeza, za presha, za sukari, za magoti, na zile alizopewa na shoga yake. Mfamasia atazitandaza kaunta na mara nyingi mshangao uko humo. Kwa mfano kama ana dawa ya presha ile ya kukojoza na anaimeza usiku, basi anaamka kukojoa kwa sababu hiyo, na anaanguka kwa sababu ya diazepamu, na kuihamishia asubuhi daktari akikubali pengine kunampa usingizi kuliko tembe yoyote. Kwa sasa muacheni na taa ndogo ya usiku, zulia linaloteleza liondoke, na mtu alale karibu naye.

Na msimbadilishie Piriton, ile dawa ya aleji inayosinziza, kimya kimya. Naijua hiyo mbinu. Kwa mzee inaleta kuchanganyikiwa, choo kigumu, na mkojo kukataa kutoka.

Za haraka haraka

*Ramadhani nikitoka tarawehe nakula, nalala saa sita usiku, daku saa kumi. Zolpidemu niimeze saa ngapi?* Usiku huo hauna nafasi yake. Saa sita mpaka saa kumi ni masaa manne, na tumbo limejaa, kwa hivyo daku utaamka umelewa na jiko mbele yako. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama, si katikati ya mwezi, na kama unaimeza kila siku kwa muda mrefu usijikatie mwenyewe.

*Nikisafiri na mtoto kwa basi kwenda Nairobi nampa Piriton kidogo alale, ana mwaka na nusu.* Acha. Ni dawa ya aleji, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili si ya kupewa bila daktari. Wengine hata hawalali, inawachangamsha, basi zima linakoma.

*Mume wangu anakoroma sana, katikati anakaa kimya kama amekata pumzi kisha anashtuka kwa nguvu. Mchana anasinzia ovyo. Alipewa dawa ya usingizi na amezidi.* Ni vile hatatizwi na kukosa usingizi, ni koo linafunga akilala na pumzi inakatika, na dawa ya usingizi inaweza kulifanya libaki limefunga muda mrefu zaidi. Arudi kwa daktari na wewe uende naye, ju yeye hajisikii, wewe ndo shahidi. Kama una simu nzuri mrekodi usiku dakika kadhaa, inasaidia sana.

*Dada yangu amejifungua halali kabisa, nimgaie zangu?* Hapana. Anayenyonyesha, diazepamu inapita kwenye maziwa na mtoto anazidi kulala na kukosa nguvu ya kunyonya. Na mama mchanga asiyelala hata mtoto akilala, mwambie mkunga au daktari hivyo hivyo, inaweza kuwa sonona ya uzazi na ina matibabu yake.

*Mjukuu wa miaka mitatu aliokota tembe mbili za nyanyake, akawa analegea. Tulimpa maziwa tukamtapisha kwa kidole, akalala, asubuhi akaamka mzima. Tulifanya sawa?* Alhamdulillahi amepona, lakini hapana. Mtoto aliyelegea ukimtapisha matapishi yanaingia mapafuni, na maziwa hayavunji dawa yoyote. Siku nyingine, Mungu aepushe, mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, piga 999 au 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, au chukua tuktuk ya kwanza inayopita mkimbie hospitali, hata kama anaonekana anasinzia tu. Nyanya naye dawa zake ziingie kabati yenye ufunguo, si chini ya mto.

Umeniambia pia hamkujua zilikuwa tembe gani, maana zilikuwa kwenye ile bahasha ndogo ya kaki imeandikwa "1 usiku" na hakuna lingine. Hapo ndo madaktari wanakwama, wanahitaji jina na miligramu ndo wajue wamuangalie masaa mangapi. Kwa hivyo ukinunua dawa ya usingizi dai ikae kwenye pakiti yake, na kama lazima zihesabiwe, juu ya bahasha liandikwe jina la dawa, miligramu, jina la mgonjwa na tarehe. Mwenye kemisti akikataa kuandika, mrudishie tembe zake pale pale kaunta akupe pesa zako.